Kaliba 12 ya Baba: Je, Bunduki ya Kuwindia Inaweza Kulinda Nyumba?



Katika toleo hili tunapenda kuzungumza na ninyi juu ya jambo ambalo linasemwa kwa sauti ya chini katika familia nyingi za Kasongo na Kabambare. Ni habari ya bunduki ya zamani ya kuwindia, ile yenye kitako cha mti, ambayo babu au baba aliiacha. Siku hizi wengine wanaipeleka kwa mhunzi ili ikatwe na kutengenezwa upya iwe ya kulinda nyumba usiku. Hatuandiki ili kumhukumu mtu. Tunajua hofu inatoka wapi, maana wengi wetu tunaofanya kazi hii tumelala porini kama ninyi.

Baba mmoja aliyekimbia upande wa Salamabila na kufika Kasongo pamoja na watoto wake alituuliza hivi katika mkutano: «Ninyi watu wa amani, mnataka nilale kama mbuzi aliyefungwa, nikingoja wanaokuja kunichinja?» Watu walinyamaza. Swali lake ni la haki, na makala hii yote ni jibu letu kwake.

Bunduki hii ni ya namna gani?

Bunduki si kitu kipya kwetu. Iliingia Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe za tembo na ya watumwa, wakati Kasongo ulipokuwa mji mkubwa wa Tippu Tip. Wakati ule watu walitumia gobore, inayojazwa baruti kupitia mdomo wa mtutu. Majeshi ya Leopold yaliuteka mji wa Kasongo mwaka 1893. Wakati wa ukoloni zikaja bunduki za kuwindia za kiwandani, nyingi zikitoka Ubelgiji.

Tunaita kaliba 12. Maana yake ni hii: ukichukua ratili moja ya risasi nyeusi ukaigawa katika golori 12 zilizo sawa, golori moja ndiyo inayoenea ndani ya mtutu huo. Upana wake ni kama milimita 18 na nusu. Bunduki hii hairushi risasi moja kama kalashi. Kwa kawaida hurusha marisau mengi kwa pamoja, nayo hutawanyika kadiri yanavyokwenda mbali. Imetengenezwa kwa ajili ya ndege, swala na ngedere wanaoharibu shamba, na kwa mwindaji anayeona vizuri kile anachopiga.

Bunduki ya kiwandani ina alama ndogo zilizogongwa katika chuma. Mji wa Liège nchini Ubelgiji una ofisi ya kujaribu mitutu tangu mwaka 1672. Kila mtutu hupigwa kwanza kwa baruti yenye nguvu kupita ile ya kawaida, na usipopasuka hupewa alama. Bunduki iliyotengenezwa kijijini kwa bomba la maji haikupita kwenye jaribio lolote. Mtu wa kwanza kuijaribu ni yule anayeishika.

Wanabadilisha nini, na matokeo yake ni nini?

Tumesikiliza wahunzi, wawindaji na wauguzi. Mambo yanayofanywa kwa bunduki hizi yanafanana kila mahali.

*Kukata kitako.* Watu wanataka bunduki fupi ya kuficha chini ya mkeka. Lakini kitako cha mti hakikuwekwa kwa ajili ya urembo. Kinapeleka teke la bunduki kwenye bega, na kinaweka jicho mahali pa kulenga. Ukikiondoa, teke lote linaingia katika kifundo cha mkono au usoni, na mpigaji hajui tena marisau yanakwenda wapi.

*Kukata mtutu.* Hapo marisau yanatawanyika mapema zaidi. Ndani ya nyumba ya vyumba viwili, ambamo watu wanane wanalala, hilo halimsaidii mwenye nyumba hata kidogo. Ukuta wa fito na udongo hauwezi kutegemewa kuzuia marisau yaliyopigwa karibu. Turubai la kambi halizuii kitu. Yanayompita mwizi yanaingia kwa jirani.

*Kufunga tochi kwenye mtutu.* Mwenye nyumba anaona mbele yake, ni kweli. Lakini yule aliye gizani anaona tochi, na anajua pa kupiga. Zaidi ya hayo, ili uangaze uso wa mtu ni lazima kwanza umwelekezee bunduki. Mtoto aliyeamka kwenda chooni anaangaziwa kwa mdomo wa bunduki.

*Kujaza risasi upya kwa vitu vya nyumbani.* Baruti isiyopimwa na vipande vya chuma ndivyo vinavyopasua mitutu. Mwenye bunduki anapoteza vidole au jicho, na safari ya kufika kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji inaweza kuchukua siku nzima kwa pikipiki, kama njia inapitika.

Tena tufanye hesabu ya kweli. Kaliba 12 ya kienyeji mara nyingi ina mtutu mmoja: unapiga mara moja, kisha unafungua na kujaza tena. Kalashi ya kawaida inabeba risasi 30 katika magazini moja, na wanaokuja kuvamia hawaji mtu mmoja. Mwenye nyumba akipiga mara moja amewaonyesha mahali alipo, na amewapa sababu ya kutomwacha mtu hai.

Nani anabisha hodi usiku?

Tumrudie yule baba. Bunduki yake ilikuwa kwa mhunzi, ikingoja kukatwa, usiku mmoja aliposikia nyayo nyuma ya nyumba. Mtu alisukuma mlango bila kusema neno. Baba alikuwa na fimbo tu mkononi. Alipiga kelele, majirani wakatoka na taa, na wakamkuta mdogo wake mwenyewe, mchafu na mwenye njaa, aliyetembea siku nne kutoka Kabambare. Hakuita kwa sababu alizoea kutoita: aliyekimbia vita hujifunza kutembea bila taa na bila sauti.

Baba alituambia baadaye: «Kama bunduki ingekuwa nyumbani, ningemzika mdogo wangu.»

Wapendwa, hilo ndilo jambo kubwa tunalotaka mlikumbuke. Katika mji unaopokea wakimbizi, wengi wanaofika usiku ni watu wetu: mdogo, shemeji, mjomba, mama mwenye mtoto mgongoni. Mwenye bunduki gizani ana sekunde moja ya kuamua, na hofu inaamua haraka kuliko jicho.

Hata nchi zenye umeme na polisi karibu zimeliona hilo. Nchini Marekani, utafiti uliotolewa mwaka 1993 ulilinganisha nyumba zenye bunduki na zisizo nayo. Katika nyumba zenye bunduki, hatari ya mtu kuuawa nyumbani mwake ilikuwa karibu mara tatu, na mara nyingi muuaji alikuwa ndugu au mtu anayejulikana. Marekani si Kabambare, lakini ugomvi wa mume na mke, pombe, na mtoto mwenye kutaka kujua kila kitu viko kila mahali.

Bunduki huita bunduki

Kuna hatari nyingine ambayo viongozi wanaijua vizuri. Habari haifichiki kijijini. Siku mbili hazipiti kabla watu hawajajua kwamba kwa fulani kuna kaliba 12. Kundi lenye silaha likisikia, linakuja kuichukua. Jeshi au polisi wakisikia, wanaweza kumtazama mwenye nayo kama Mai-Mai. Katika hali zote mbili nyumba iliyotaka kulindwa ndiyo inayotafutwa kwanza.

Tukumbuke pia historia ya karibu. Raia Mutomboki, maana yake raia wenye hasira, walianza mwaka 2005 upande wa Shabunda, Kivu ya Kusini. Walianza kwa sababu inayoeleweka: FDLR walikuwa wanaua na kubaka, na hakuna aliyewatetea wananchi. Walichukua mapanga, mikuki, bunduki za kuwindia na dawa. Mwaka 2011 waliinuka tena kwa nguvu, na jina hilo likaenea hadi Maniema. Lakini baadaye vikundi vingi vilivyobeba jina hilo viliweka barieri, vikatoza kodi sokoni na kwenye machimbo, vikapigana vyenyewe kwa vyenyewe, na raia wakaanza kuwakimbia watetezi wao.

Kwetu Salamabila tumeona jambo la jamaa hiyo. Watu walikuwa na malalamiko ya kweli juu ya dhahabu ya Namoya: nani anachimba, nani anapata kazi, ardhi ni ya nani. Mai-Mai Malaika walisema wanatetea haki za wenyeji. Mapigano kati yao na jeshi, hasa mwaka 2019 na 2020, yalifukuza familia nyingi, na kampuni ikasimamisha kazi ya mgodi mwaka 2019. Malalamiko ya ardhi na kazi hayakupata jibu kwa bunduki. Yalipata wakimbizi.

Hatusemi kwamba kila baba mwenye kaliba 12 atakuwa mkuu wa kundi. Tunasema kwamba bunduki nyingi za nyumbani, zikikutana na vijana wasio na kazi na mtu mmoja mwenye maneno matamu, ndipo kundi linapozaliwa.

Sheria inasema nini?

Sheria ya silaha katika nchi yetu ni Ordonansi-Sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Inataka kila anayeweka bunduki, hata ya kuwindia, awe na kibali cha serikali. Kutengeneza silaha bila ruhusa pia kumekatazwa. Kibali cha babu hakirithiwi pamoja na bunduki: mrithi anapaswa kujitambulisha kwa serikali.

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 190, inakataza mtu yeyote kuunda kundi la kijeshi au kuwa na vijana wenye silaha, na inaliita jambo hilo uhaini mkubwa. Wengine wanatuuliza: «Na Wazalendo je?» Mwaka 2023 nchi ilitunga sheria ya akiba ya jeshi. Sheria hiyo inahusu watu walioandikishwa chini ya amri ya jeshi. Haimpi baba wa familia ruhusa ya kukata bunduki na kuiweka chini ya kitanda.

Kwa wale wanaoishi katika kambi au kwa familia za wenyeji, kuna jambo moja zaidi. Mapatano ya Kampala ya mwaka 2009 juu ya wakimbizi wa ndani ya Afrika yanataka mahali wanapohifadhiwa pabaki pa raia. Bunduki moja ikionekana kambini, kambi nzima inaweza kuhesabiwa kuwa maficho ya wapiganaji.

Basi tufanye nini?

Haitoshi kumwambia mtu aache bunduki halafu tumwachie hofu yake. Haya ndiyo tuliyoyaona yakisaidia katika vijiji na mitaa tunakofanya kazi:

- Sauti kabla ya nguvu. Kila nyumba kumi wakubaliane juu ya ishara moja: filimbi, sufuria, au ngoma ya mti kama zamani. Ishara ikisikika, wote wanaamka, wanawasha taa na kupiga kelele. Mwizi anategemea usingizi na ukimya. Usiku ule wa mdogo wake baba, kelele ndizo zilizookoa.
- Neno la kuingilia. Familia ichague neno ambalo kila ndugu anayefika usiku atalisema kabla ya kugusa mlango. Watoto wafundishwe. Wageni wapelekewe habari mapema kwa simu au kwa msafiri.
- Njia ya kutoka. Wakija watu wengi wenye silaha za vita, kazi ni kukimbiza watoto, si kushindana. Mjue mlango wa nyuma, mahali pa kukutana, na nani atabeba mzee na mgonjwa.
- Habari kwa wakati. Akina mama wanaokwenda shambani na wachuuzi wa baiskeli ndio wa kwanza kuona nyayo ngeni. Wapewe mtu mmoja wa kuaminiwa wa kumwambia, na mtu huyo amjulishe shefu na polisi bila kutaja nani alisema.
- Zamu ya usiku isiyo na silaha. Watu wawili wawili, wenyeji na wakimbizi pamoja, na majina yao yajulikane kwa shefu.

Kuhusu zamu tunatoa onyo. Nchini Tanzania, sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa Wasukuma na Wanyamwezi kwa sababu ya wezi wa ng'ombe. Walitumia yowe, filimbi, pinde na mishale, na wizi ulipungua katika sehemu nyingi. Lakini sehemu nyingine walipiga na kuua watu, na akina mama wazee walisingiziwa uchawi. Kwa hiyo viongozi waangalie dalili hizi: zamu inapoanza kudai pesa, kuweka barieri, kufunga watu, kunywa dawa au kujipa jina la vita, isimamishwe siku hiyo hiyo. Kazi ya zamu ni kuona, kuamsha na kutoa habari. Hukumu si kazi yake.

Kwa yule ambaye tayari ana bunduki

1. Usiikate, usiibadilishe, na usiitume kwa mhunzi. Bunduki iliyofupishwa ni vigumu kumshawishi mtu yeyote kwamba ni ya kuwindia.
2. Iwe tupu, na risasi ziwekwe mbali nayo, mahali ambapo mtoto hafiki. Usiazimishe mtu.
3. Ikiwa wewe ni mwindaji na una kibali, kibaki karibu, na uulize kwa utawala wa teritware namna ya kukifanya upya.
4. Ikiwa huna kibali au huitaki tena, usiibebe njiani peke yako. Barieri moja inaweza kukugeuza mhalifu. Mwambie shefu, padri, mchungaji au imamu unayemwamini, naye azungumze na wakuu ili waje kuipokea mbele ya mashahidi. Omba karatasi yenye tarehe na sahihi.
5. Grenedi au bomu usiliguse wala usilihamishe. Weka alama mbali, ondoa watoto, toa habari.

Serikali iliunda mwaka 2021 programu inayoitwa P-DDRCS, ya kunyang'anya silaha na kurudisha watu katika maisha ya jamii. Kabla yake, katika miaka ya 2000, PAREC ya mchungaji Ngoy Mulunda ilibadilisha bunduki kwa baiskeli kule Katanga. Nchini Msumbiji, Baraza la Wakristo lilianza mwaka 1995 kutoa majembe, cherehani na baiskeli kwa waliorudisha silaha. Kazi hizo zinafundisha jambo moja: mtu hurudisha bunduki anapoona kitu cha kuishikia nafasi yake, na anapoona jirani yake naye anarudisha. Kijiji kimoja kikirudisha na cha pili kikibaki na zake, cha kwanza hakitalala usingizi. Ndiyo maana tunawaomba viongozi wa pande zote wakae katika baraza moja kabla ya mtu wa kwanza kutoa bunduki yake.

Kwa viongozi wetu

Mashefu, wazee, marais wa kamati za wakimbizi: watu wanachukua bunduki pale wanapoona hakuna anayesikia. Kesi ya shamba inayokaa mwaka mzima bila hukumu ni kazi kwa mhunzi. Kijana aliyeibiwa na kulipishwa pesa ili malalamiko yake yaandikwe, naye ni kazi kwa mhunzi. Msiulize tu nani ana bunduki. Ulizeni pia kwa nini alihisi anaihitaji, na mfanye la kufanya juu ya sababu hiyo.

Na yule baba? Alikwenda kwa mhunzi akamwambia asiikate. Bado hajaitoa, kwa sababu anasema anangoja kuona majirani wa ng'ambo ya mto watafanya nini, nasi hatukumlazimisha. Risasi alimpa mzee wa familia azitunze. Siku za zamu yake anatoka na taa na filimbi, na mdogo wake anakwenda pamoja naye. Jumamosi ijayo mashefu wa pande mbili za mto wamekubali kukutana kanisani, na habari ya bunduki hizi ndiyo neno la kwanza watakalozungumza.

Wasomaji wetu, zungumzeni juu ya makala hii katika familia na katika kamati zenu. Mwenye swali au mwenye shauri amwone mhudumu wetu anapopita kwenu, hata kwa faragha. Hatuandiki majina.